Meza ya Ruta ya Kujiundia katika Karakana za Useremala za Mbeya na Iringa: Mbao Zinazokauka, Umeme Unaokatika na Usalama wa Fundi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna meza ya ruta inavyoweza kuundwa katika karakana ndogo ya useremala katika mikoa ya Mbeya na Iringa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Hoja kuu ni kwamba ubora wa meza hiyo hautokani na uzuri wa vifaa vyake, bali na namna muundo wake unavyojibu masharti mawili ya mahali: mbao zinazoingia karakanani kabla hazijakauka sawasawa, na umeme unaoweza kukatika na kurudi bila taarifa. Makala yanaeleza kwanza muktadha wa mbao na umeme, kisha istilahi, uundaji wa sehemu kuu nne za meza, upimaji wake na kanuni za matumizi salama. Inahitimishwa kwamba meza isiyonyooka huharibu kazi, lakini meza isiyojizima huharibu mkono. Kwa hiyo swichi ya meza inastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya muundo na si nyongeza.

1.0 Utangulizi

Ruta ni mashine ya umeme inayozungusha kisu kwa kasi kubwa ili kuchimba mifuo, kukata ngazi za ukingoni na kuumba nakshi katika mbao. Kwa kawaida fundi huishika kwa mikono miwili na kuipitisha juu ya ubao uliobanwa. Meza ya ruta hugeuza uhusiano huo. Mashine hufungwa chini ya meza kichwa chini, kisu huchomoza juu kupitia tundu, na ubao ndio unaosogezwa.

Mabadiliko hayo yana matokeo makubwa katika uzalishaji. Ubao mwembamba usioweza kubeba kitako cha ruta hufanyiwa kazi mezani bila taabu. Vipande vingi vya fremu ya mlango wa paneli huchimbwa mfuo wa kina kimoja na umbali mmoja bila kila kipande kupimwa upya. Kijana anayejifunza kazi huweza kutoa kipande kinachofanana na cha fundi mkuu, kwa kuwa usahihi umehamishwa kutoka mkononi mwake kwenda kwenye meza.

Hata hivyo, kilichohamishwa si usahihi peke yake. Hatari nayo imehama. Ruta inaposhikwa kwa mikono miwili, mikono hiyo iko nyuma ya kisu na juu ya swichi. Ruta inapofungwa chini ya meza, kisu kinabaki wazi, mikono ipo juu ya meza karibu nacho, na swichi ya mashine iko chini mahali pasipofikika haraka. Zaidi ya hayo, swichi hiyo hulazimika kuachwa ikiwa imewashwa moja kwa moja. Kwa seremala anayeishi kwa kazi ya mikono, kupoteza kidole ni kupoteza mtaji. Ndiyo maana maelezo ya uundaji wa meza hii hayawezi kutenganishwa na maelezo ya usalama wake.

2.0 Muktadha wa Mahali

2.1 Mbao

Mikoa ya Mbeya na Iringa imeunganishwa na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, inayopita Mafinga na Makambako, na ukanda huo ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya mbao laini nchini. Shamba la Miti Sao Hill lililopo wilayani Mufindi, mkoani Iringa, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mkoani Mbeya yapo mashamba ya Kiwira na Kawetire. Miti inayotawala katika mashamba haya ni misindano, hasa aina ya *Pinus patula* yenye asili ya Meksiko, ikifuatiwa na mikaratusi. Pembezoni mwa mashamba ya serikali, wananchi wengi wamepanda miti katika maeneo yao wenyewe.

Wingi huo wa mbao una upande wake wa pili. Mti wa msindano unaovunwa ukiwa mchanga hutoa mbao zenye sehemu kubwa ya kiini kichanga, na mbao za namna hiyo hujipinda na kujisokota zaidi zinapokauka. Aidha, mbao nyingi hupasuliwa, husafirishwa na kuuzwa zikiwa bado na maji. Ubao hupungua upana pale maji yake yanaposhuka chini ya takribani asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu. Ikiwa ubao wa msindano wenye upana wa milimita 150 utapungua kwa asilimia 4 hadi kufikia ukavu wa matumizi ya ndani, utapoteza milimita 6. Kwa mlango wa ghalani tofauti hiyo inavumilika. Kwa meza ambayo kazi yake ni kutunza kipimo, tofauti hiyo ni uharibifu kamili.

Majira ya eneo hili yanazidisha tatizo. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha hufuata miezi ya baridi kavu na kiangazi. Meza iliyoundwa Machi kwa mbao zilizohifadhiwa chini ya turubai si meza ileile ifikapo Septemba.

2.2 Umeme

Karakana ndogo hutumia umeme wa njia moja wa volti 230. Ruta yenye nguvu ya wati 1,600 huvuta takribani ampea 7, kiasi ambacho nyaya za kawaida za soketi hukimudu. Tatizo si kiasi bali mwendelezo. Tanzania imepitia vipindi vya mgawo wa umeme, kikiwamo cha mwaka 2011 na kile cha mwaka 2023 kilichoendelea hadi mwanzoni mwa 2024, kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha. Hata uzalishaji unapotosheleza, dhoruba za masika na hitilafu za njia za usambazaji huweza kuzima mtaa kwa dakika chache au kwa saa nzima.

Kwa anayetumia taa, kurudi kwa umeme ni nafuu. Kwa seremala mwenye ruta iliyofungwa chini ya meza, kurudi kwa umeme kunaweza kuwa ajali. Umeme unapokatika, kisu hunyamaza, na ukimya huo humshawishi fundi kusafisha tundu, kubadilisha kisu au kupima kina. Iwapo swichi ya mashine imebaki imewashwa, umeme ukirudi kisu huanza kuzunguka papo hapo, vidole vikiwa juu yake.

3.0 Istilahi

Msamiati wa useremala katika Kiswahili ni mpana na wa muda mrefu. Maneno kama vile *randa*, *patasi*, *msumeno*, *guni*, *timazi* na *jiriwa* yalikuwapo kabla ya mashine za umeme, na yanaonesha mkutano wa ufundi wa pwani na ule wa mataifa yaliyofanya biashara katika Bahari ya Hindi. *Meza* lilitoka katika Kireno, na *msumari* katika Kiarabu. *Ruta* limefuata njia hiyohiyo kutoka Kiingereza, na limeingia kupitia karakana na maduka ya vifaa kabla ya kuingia katika vitabu. Neno hilo lina utata kidogo, kwa sababu katika uwanja wa mawasiliano hutaja pia kifaa cha kusambaza intaneti, lakini muktadha wa kazi huondoa utata huo.

Katika makala haya, *kisu* ni kipande chenye makali kinachozungushwa na ruta, na *shina* ni sehemu ya kisu inayoingia mashineni. *Koleti* ni kibanio cha chuma kinacholishika shina. *Bamba* ni kipande bapa kinachobeba ruta na kukaa katika uwazi wa meza, na *kikalio* ni ngazi iliyochimbwa kuzunguka uwazi huo ili bamba likae. *Ubao wa mwongozo* ni ubao ulionyooka unaosimama juu ya meza na kuongoza kipande kinachokatwa. *Kitana* ni ubao uliochanwa meno marefu ya kunesa, unaobanwa mezani ili kukandamiza kipande kielekee kwenye ubao wa mwongozo na kukizuia kurudi nyuma.

4.0 Uundaji wa Meza

4.1 Uso na fremu

Uso wa meza haufai kutengenezwa kwa mbao nzima za msindano zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, kwa sababu iliyoelezwa katika sehemu ya 2.1. Plaiwudi inafaa zaidi, kwa kuwa tabaka zake zimepishanishwa nyuzi na kila tabaka huzuia jirani yake kutanuka au kusinyaa. Vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyogundishwa pamoja hutoa uso wa milimita 36, ambao haulegei kwa uzito wa ruta ya kilo 4 au 5. Kipimo cha milimita 800 kwa 600 kinatosha kazi nyingi za fremu, kabati na vitanda.

Plaiwudi yenye ngozi nyeusi ya plastiki, inayotumiwa na waashi kama fomu za zege, huteleza vizuri na huvumilia unyevu, hivyo hufaa kuwa tabaka la juu. Hata hivyo, ngozi hiyo haishiki gundi. Upande utakaogundishwa lazima usuguliwe kwa msasa mpaka mbao ionekane. Baada ya gundi kukauka, upande wa chini wa meza na kingo zote nne hupakwa vanishi. Hatua hii hurukwa mara nyingi kwa kuwa haionekani, lakini uso uliozibwa juu na kuachwa wazi chini hunywa unyevu upande mmoja tu, na hapo ndipo meza hujikunja kama kigae.

Fremu ya chini inaweza kuwa ya msindano iwapo mbao zake zimekauka. Ukavu hupimwa bila mashine maalumu. Kipande kidogo hukatwa katikati ya ubao, si mwishoni, kisha hupimwa uzito, hukaushwa katika joto la takribani nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito wake usibadilike tena, na hupimwa upya. Tofauti ya mizani miwili hugawanywa kwa uzito mkavu na kuzidishwa kwa 100. Kipande chenye gramu 56 kilichobakiwa na gramu 50 kina maji asilimia 12, kiasi kinachofaa kwa samani za ndani. Karakana isiyo na oveni inaweza kuupima ubao mzima kila wiki na kusubiri mpaka uzito uache kushuka. Njia hiyo haitoi asilimia, lakini inaonesha kwamba ubao umepatana na hewa ya mahali utakapofanya kazi.

Uso haugundishwi kwenye fremu. Hufungwa kwa skrubu zinazopita katika matundu marefu kidogo, ili fremu iweze kusinyaa bila kuuvuta uso. Kimo cha meza cha milimita 850 hadi 900 humfaa fundi anayesimama, kwa kuwa humruhusu kusukuma kwa mwili bila kuinama juu ya kisu.

4.2 Bamba na kikalio

Ruta haifungwi moja kwa moja chini ya plaiwudi ya milimita 36, kwani unene huo ungemeza sehemu kubwa ya urefu wa kisu. Bamba la alumini la milimita 6, au la plastiki ngumu la milimita 8 hadi 10, hutatua tatizo hilo. Vipimo vya milimita 300 kwa 220 huruhusu ruta nyingi kupita katika uwazi wakati bamba linapoinuliwa. Kitako cha plastiki cha ruta huondolewa na kutumiwa kama kielelezo cha kutobolea matundu ya skrubu, na vichwa vya skrubu huzamishwa chini ya uso wa bamba.

Kikalio huchimbwa kwa ruta yenyewe kabla haijafungwa mezani. Mbao nne zilizonyooka hubanwa kuzunguka bamba, bamba huondolewa, na mfuo wenye upana wa takribani milimita 15 huchimbwa ukifuata mbao hizo. Kina chake kiwe milimita 1 zaidi ya unene wa bamba. Baada ya hapo, sehemu ya ndani hukatwa kwa msumeno na kuondolewa. Milimita ile ya ziada si kosa. Katika kila pembe ya kikalio huwekwa skrubu fupi ambayo kichwa chake hubeba bamba, na kwa kuizungusha skrubu hiyo bamba hupandishwa au kushushwa mpaka lilingane na meza. Fundi anayechimba kikalio cha kina kamili hana namna ya kurekebisha pindi plaiwudi inapobadilika kidogo. Fundi aliyeacha nafasi ya skrubu hurekebisha kwa bisibisi.

Tundu la kisu katika bamba lisizidi mno upana wa kisu kinachotumika. Tundu la milimita 40 likitumiwa na kisu cha milimita 12 huacha pengo ambalo ncha ya ubao huweza kuzama ndani yake. Pete za plastiki au plaiwudi nyembamba, zenye matundu ya ukubwa tofauti, hutengenezwa ili zibadilishwe kulingana na kisu.

4.3 Ubao wa mwongozo

Ubao wa mwongozo una masharti mawili: unyooke katika urefu wake, na usimame pembe mraba juu ya meza. Mninga uliokauka unafaa sana, kwa kuwa unajulikana kwa kusinyaa kidogo, na unapatikana katika miombo ya ukanda wa chini kama vile Chunya. Plaiwudi iliyogundishwa tabaka mbili ni mbadala wa gharama nafuu. Umbo linalofaa ni la pembe mraba, yaani kipande kimoja kilicholala na kingine kilichosimama, vikishikiliwa kwa nyuma na pembetatu tatu au nne. Katikati hukatwa uwazi wa kupitisha kisu, na nyuma ya uwazi huo hujengwa kisanduku kidogo cha kuunganishia bomba la kufyonza vumbi.

Hapa pana dhana moja inayopotosha mafundi wengi waliozoea msumeno wa meza. Katika msumeno wa meza, ubao wa mwongozo lazima uwe sambamba na diski, vinginevyo kipande hubanwa na kuungua. Katika meza ya ruta sharti hilo halipo. Kisu ni duara, na kinachoamua kipimo ni umbali mmoja tu, kutoka katikati ya kisu hadi kwenye ubao wa mwongozo. Kwa hiyo ubao huo unaweza kufungwa kwa bolti moja upande mmoja na kuzungushwa kama mlango kwenye bawaba, kisha upande wa pili ukabanwa kwa klampu. Fundi akihitaji kusogeza mwongozo kwa nusu milimita katikati, husogeza upande ulio huru kwa takribani milimita moja. Usambamba huhitajika tu iwapo meza imechimbwa mfereji wa kuongozea kipande kwa pembe mraba.

4.4 Swichi

Sehemu hii ndiyo inayotofautisha meza inayofaa Nyanda za Juu Kusini na meza iliyonakiliwa kutoka mahali ambapo umeme haukatiki. Ruta haichomekwi moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Kati ya soketi na ruta huwekwa swichi inayojifungua yenyewe umeme unapopotea. Swichi za namna hiyo huuzwa zikiwa kamili, lakini pia huundwa kwa kontakta yenye koili ya volti 230 na vitufe viwili.

Utendaji wake ni rahisi kueleweka. Kitufe cha kijani kikibonyezwa hupeleka umeme kwenye koili. Koili hugeuka sumaku na kuvuta viunganishi vinavyolisha ruta. Kiunganishi kimoja cha ziada hulisha koili yenyewe, hivyo mashine huendelea kufanya kazi baada ya kitufe kuachwa. Kitufe chekundu kikibonyezwa hukata njia ya koili. Umeme wa mtaa ukikatika, koili hupoteza nguvu na viunganishi huachia. Umeme ukirudi, koili haina njia ya kulishwa mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani kwa kukusudia. Uamuzi wa kuwasha huwa umerudishwa mikononi mwa fundi.

Kitufe chekundu huwekwa mbele ya meza, kikiwa kikubwa kiasi cha kubonyezwa kwa goti au paja, kwa kuwa wakati wa hatari mikono yote miwili huwa imeshika ubao. Sanduku la swichi lizibwe vizuri dhidi ya vumbi la mbao, na waya wa ardhi uendelee bila kukatwa mpaka kwenye soketi ya ruta na kwenye bamba iwapo ni la chuma. Kazi ya kuunganisha ifanywe na fundi umeme mwenye leseni.

5.0 Upimaji wa Meza

Meza hupimwa ruta ikiwa imening'inia mahali pake, kwa kuwa uzito wake ndio unaojaribu uso. Rula ndefu ya chuma au ukingo wa pimamaji huwekwa juu ya meza kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari yote miwili. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, yenye unene wa takribani milimita 0.1, husukumwa chini ya rula. Ikipita kwa ulegevu mahali fulani, pana bonde. Rula ikiyumba, pana kilima. Eneo la milimita 150 kuzunguka kisu ndilo linaloamua ubora wa kazi, na halifai kuwa bonde. Kilima kidogo karibu na kisu huvumilika zaidi, kwa sababu ubao bado hukigusa kisu kwa kina kilichopangwa.

Baada ya hapo bamba hulinganishwa na meza kwa skrubu za pembeni. Ukingo wake usijitokeze juu ya meza upande wa kuingilia, kwani ubao utakwama hapo ukiwa umeshaanza kusukumwa. Guni husimamishwa dhidi ya ubao wa mwongozo katika sehemu tatu. Mwisho, vipande viwili vya mbao taka huchimbwa ulimi na mfuo kisha huunganishwa. Muungano huo ndio kipimo cha haki, kwa kuwa hujumlisha makosa yote yaliyosalia.

Upimaji huu hurudiwa angalau mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa mvua na kiangazi kinapokolea. Karakana zenye paa la bati na kuta wazi zinauhitaji zaidi.

6.0 Matumizi Salama

Kanuni ya kwanza ni mwelekeo wa kusukuma. Ruta inayoshikwa mkononi huzungusha kisu kwa mwendo wa mshale wa saa ikitazamwa kutoka juu. Ikigeuzwa kichwa chini, mtazamaji huona kinyume chake. Hivyo, ubao wa mwongozo ukiwa nyuma ya kisu na fundi akiwa mbele, ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto. Makali hukutana na mbao kwa upinzani, na upinzani huo humpa fundi udhibiti. Akisukuma kutoka kushoto, kisu hunyakua ubao, huurusha, na huivuta mikono kuelekea kwenye tundu.

Kanuni ya pili inafungamana na ya kwanza: ubao usipitishwe kamwe kati ya kisu na ubao wa mwongozo. Katika nafasi hiyo mwelekeo hugeuka na ubao hubanwa pande zote mbili. Njia pekee ya kutoka huwa ni kurushwa.

Kanuni ya tatu ni kasi. Kasi ya makali hutegemea kipenyo cha kisu na mizunguko kwa dakika. Kisu cha milimita 12 kikizunguka mara 20,000 kwa dakika, makali yake huenda takribani mita 13 kwa sekunde. Kisu cha milimita 50 kinachotumika kwa paneli za milango, kwa mizunguko hiyohiyo, hufikia mita 52 kwa sekunde. Kisu hicho kinapaswa kupunguziwa mizunguko hadi karibu 10,000, na ruta isiyo na kirekebishi cha kasi isikitumie kabisa. Kina kikubwa hakichimbwi kwa mkupuo mmoja. Hupasuliwa katika mikato ya milimita 3 au pungufu, hasa katika mikaratusi na mininga, na katika misindano yenye vifundo.

Kanuni ya nne inahusu shina na koleti. Sokoni huuzwa visu vya shina la milimita 6 pamoja na vile vya robo inchi, yaani milimita 6.35. Kwa macho vinafanana. Shina la milimita 6 katika koleti ya robo inchi huonekana limebanwa, lakini hupanda taratibu wakati wa kazi, na mwishowe huweza kuchomoka. Kila kisu kipimwe kwa kalipa kabla ya kutumika mara ya kwanza. Shina liingizwe kwa kina, kisha lirudishwe milimita 2 hivi ili lisigote chini ya koleti. Plagi ichomolewe kila kisu kinapobadilishwa, hata kama umeme wa mtaa umekatika.

Kipande kifupi kuliko milimita 300 kisishikwe kwa mkono mtupu. Kitumiwe kijiti cha kusukumia, na kitana kikikandamize. Glavu hazifai karibu na kisu kinachozunguka, kwani kitambaa kikinaswa huvuta mkono mzima. Macho na masikio yakingwe. Vumbi la mbao, ambalo tangu mwaka 1995 limeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, lifyonzwe au walau fundi avae barakoa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kukinga sehemu hatari za mashine, na karakana yenye vijana wanaojifunza kazi haina sababu ya kujiona iko nje ya wajibu huo.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba meza ya ruta ya kujiundia inawezekana katika karakana ndogo za Mbeya na Iringa kwa vifaa vinavyopatikana humohumo. Plaiwudi, bamba la alumini, mninga kidogo, kontakta na skrubu vinatosha. Kinachohitajika zaidi ni kuelewa kwa nini kila sehemu ipo. Vanishi upande wa chini, matundu marefu ya skrubu na kikalio kinachorekebishika ni majibu kwa mbao zinazoendelea kukauka. Kontakta ni jibu kwa umeme unaokatika. Mwelekeo wa kusukuma, kasi na koleti ni masharti ya mashine yenyewe popote ilipo.

Makosa ya kundi la kwanza hujidhihirisha polepole, katika mlango usiofunga au mfuo usiokutana, na hurekebishwa. Makosa ya makundi mawili ya mwisho hutokea kwa nukta moja na hayarekebishiki. Kwa sababu hiyo, fundi mwenye fedha pungufu anashauriwa kuahirisha nakshi za meza, hata bamba la alumini, kabla ya kuahirisha swichi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA mkoani Mbeya na mkoani Iringa, pamoja na mafundi wakuu wanaofundisha vijana mitaani, wana nafasi ya kuifanya swichi hiyo kuwa sehemu ya somo la kwanza la ruta. Watafiti wa istilahi nao wana kazi ya kukusanya majina ambayo mafundi wameshayapa sehemu hizi, kwa kuwa onyo hueleweka haraka zaidi linapotolewa kwa maneno ambayo mwanafunzi anayatumia kazini.